Kipande Chenye Tini

Santa Rita, Michoacán, Meksiko
Januari 15

Dada yangu mpendwa Verna,

Zikufikie salamu zangu popote utakapoketi kuisoma hii, ingawa najua utaketi mezani jikoni, upande wa dirisha. Natumai goti limekupa nafuu, na jirani bado anakuondolea theluji mlangoni bila kusubiri kuombwa. Mimi huku ni mzima. Mkono umeunga vizuri, ila kifundo kinauma kila kukicha, na kifundo cha mtu aliyekula chumvi nyingi hakina sababu ya kunyamaza. Nakula, nalala, na choo napata. Hilo la mwisho najua ungeliuliza, kwa hiyo nimelimaliza mapema.

Barua yako ya kabla ya Krismasi ilinifikia. Nimesoma kwamba vyumba vya chini umevipaka rangi, kwamba fundi ameweka vyuma vya kushikia bafuni, na kwamba unataka kujua kama napenda mapazia ya kijani au ya bluu. Jumapili uliniuliza tena kwenye simu, nikasema laini inakatika. Laini ilikuwa nzuri tu. Nakuandikia kwa sababu kwenye simu hujawahi kuniacha nimalize sentensi tangu tukiwa watoto, na safari hii nataka nimalize.

Nianze na Oktoba. Unajua kwamba nilipanda juu ya paa kuangalia tangi la maji, nikateleza kwenye ngazi, nikavunjika mkono. Uliponipigia ulisema kwamba mtu wa miaka sabini na minne akianguka, aanguke karibu na ndugu zake. Ukaniuliza nani ataniogesha. Nikakujibu kwamba nitajua la kufanya. Ukweli ni kwamba wakati huo nilikuwa nimeshaogeshwa. Aliyekuwa akiniogesha ni Eligio, muuza nyama wa pale kona. Alikuwa akija jioni baada ya kufunga bucha, ananisugua vilevile anavyosugua meza yake ya kukatia nyama, kwa nguvu na bila aibu yoyote, huku akinisimulia mpira. Chakula kilitoka kwa Doña Remigia, mjane wa nyumba ya pili, ambaye ulikutana naye ulipokuja, yule aliyekupa mchuzi ukalia machozi kwa pilipili. Alikuwa akileta supu na kunigombeza kwa pamoja. Hayo sikukwambia, maana nilijua ungesema kwamba hao ni watu baki.

Hata hivyo maneno yako yaliniingia. Novemba nilikubali kurudi, na nataka uamini kwamba nilikubali kwa moyo mmoja. Niliwaza hospitali, niliwaza uzee, niliwaza kwamba nilikuja huku kukimbia baridi ya msimu mmoja na msimu huo umekuwa miaka kumi na minne. Nikaona inatosha. Nikakata tiketi ya mwisho wa Januari.

Wa kwanza kumwambia alikuwa Remigia. Nilimkuta uani ananyonyoa kuku. Akasema, "Sawa," akaendelea kunyonyoa, lakini yule kuku alipata taabu kuliko kuku mwingine yeyote niliyewahi kumwona. Kufika jioni mtaa mzima ulikuwa unajua. Huku watu hawakusihi ubaki. Wanakulisha, halafu wanakuomba vitu vyako. Kila mchana nililetewa sahani, na aliyeleta sahani alitupa jicho ukutani na sakafuni kabla ya kuondoka. Mwalimu Ofelia alichukua meza ya kulia chakula na viti vyake. Eligio aliliulizia friji, nikamwambia ni lako. Siku ya pili nikakuta amebandika karatasi mlangoni mwa friji yenye jina lake, ili mtu mwingine asijitie hamnazo. Krismasi haijafika, wakaja yeye na shemeji yake wakalibeba, maana nilishamwambia maziwa yangu nitayaweka kwa Remigia. Alinipa pole kwa kuhama, akasema nikifika huko sina haja ya friji, nifungue dirisha tu.

Sasa nikueleze kuhusu mkate, kwa sababu kila kitu kinatokana na mkate.

Siku ya Wafalme, mwanzoni mwa Januari, kila nyumba huku inakata mkate wa mviringo, wazi katikati, uliopambwa juu kwa matunda ya sukari. Ndani yake umefichwa mtoto wa plastiki mdogo kama kiungo cha kidole. Atakayemkuta kwenye kipande chake anawapikia wenzake tamale siku ya Kandelaria, mwezi wa pili. Tamale ni unga wa mahindi na nyama, unaofungwa kwenye maganda ya mahindi na kupikwa kwa mvuke. Ulizila, ukasema zinakaa tumboni. Hapo nchi nzima ni sawa. Ila kwetu mtaani mzigo ni mzito zaidi. Anayemkuta mtoto anakuwa pia mlezi wa sanamu ya Mtoto Yesu ya kwa Remigia, ile ya udongo iliyotoka kwa bibi yake. Anamvalisha nguo mpya, anampeleka kanisani siku hiyo ya Kandelaria abarikiwe, na ulezi huo ni wa miaka mitatu. Mwaka wa kwanza anavaa nyeupe, analala kama mtoto mchanga. Mwaka wa tatu amekua, anakalishwa kwenye kiti chake. Kumwacha njiani hakuna. Mtu mmoja aliwahi kumwacha, akahamia mjini baada ya mwaka wa kwanza, na hakuna aliyemsema vibaya. Hawamsemi kabisa, hata jina.

Kwa hiyo wanaume wazima huku wanammeza. Sikutanii. Mtu akihisi plastiki mdomoni, anapiga moyo konde, anameza, anaagiza kahawa nyingine. Eligio anashukiwa kummeza zaidi ya mara moja, na mkewe siku hiyo hula huku amemkodolea macho taya.

Mwaka huu tulikuwa kwa Remigia, kama kawaida. Sinia likawekwa mezani, mkate umetoka kwenye tanuri lake mwenyewe. Kisu akanipa mimi. Mwalimu Ofelia akasema si haki, mzee anaondoka, akimkuta mtoto itakuwaje, tumpe kipande kilichokwisha kukaguliwa. Watu wakacheka. Remigia akasema anayeondoka ndiye anayeanza, na hakutaka mjadala. Basi nikakata pale penye tini ya sukari, maana mtaa mzima unajua kwamba mimi na tini hatuachani. Kisu kikagota. Nilipokivuta kipande, unyayo wa plastiki ukatokeza.

Walicheka mpaka mbwa wa nje wakaanza kubweka. Eligio alisimama, akapiga meza.

"Amenaswa mgringo!"

Nikamwambia kwa mara ya elfu kwamba mimi si Mmarekani, ni Mkanada.

"Amenaswa Mkanada," akasema. Halafu akakaa chini, uso umembadilika, akauliza kwa upole kama friji litabidi lirudi.

Jumapili ile ya simu nilikwambia kuna shughuli ya kanisani imenikalia, kwamba tiketi nitaisogeza mbele wiki kadhaa. Uliniuliza tangu lini mimi na kanisa. Swali zuri. Sikukwambia habari ya miaka mitatu. Nilijiambia nitapata njia ya kueleza, au wao watapata njia ya kunisamehe, kwa kuwa mimi si Mkatoliki. Nilimuuliza Remigia kuhusu hilo. Akasema Mtoto haulizi dini, anauliza nani atamshika.

Kilichofuata ni kwamba vitu vilianza kurudi. Hakuna aliyesema neno. Asubuhi moja niliikuta meza ya kulia chakula mlangoni, imepanguswa, na viti vyake vimepangwa juu. Friji lililetwa na Eligio na shemeji yake, likinuka nyama, na ile karatasi ya jina imebanduliwa nusu, nusu imegoma. Alilichomeka, akasikiliza kama linanguruma, akaondoka bila kuniaga. Nadhani alikuwa amekasirika kidogo. Lilikuwa friji zuri.

Nikapelekwa sokoni pia. Kuna mama anayeshona nguo za Watoto, kibanda chake kimejaa sanamu zinazosubiri vipimo kama watu kwa daktari. Nilikwenda nimembeba wa kwetu kwenye shali, mwanamume mrefu mwenye mvi na mkono mmoja mbovu, na nilitarajia kuchekwa njia nzima. Watu walinipisha. Wengine waligusa shali. Yule mama alipomfunua alinikemea kwamba nimembeba vibaya, nishike kichwa. Nikamwambia ni cha udongo. Akasema, "Ndiyo, kwa hiyo kishike." Nikakishika.

Naam. Jana jioni Remigia alikuja kwangu. Alikaa kwenye kiti cha jikoni, mkoba mapajani, kama mtu aliyeitwa na polisi. Kahawa niliyomtengea hakuigusa. Nilimuuliza kama anaumwa, akatikisa kichwa. Aliyosema nakuandikia kama alivyoyasema, hata hilo jina la Lorenso wanaloniita huku, maana sitaki kuyapunguza.

"Don Lorenso, nina neno, na usinikatize. Yule kidoli nilimweka mimi. Mkate ulipoiva nilimchomeka kwa chini, palepale penye tini, kwa sababu najua utakata penye tini. Nimekufanyia hila, na nimeifanya kwa kitu cha Mungu, na tangu siku ile silali. Sikutaka uende, basi. Lakini dada yako ni damu yako na anakungoja. Nenda zako. Mtoto nitambeba mimi, na mtaa nitauambia mimi. Hakuna atakayekusema."

Umeona, Verna? Mama wa watu alikuja kunifungulia mlango, akaushika na mkono wake ili usinipige mgongoni. Tiketi bado ilikuwa nzuri. Ningemshukuru, ningefunga virago, ningepanda ndege bila deni wala aibu, na wewe usingejua kwamba palikuwa na jambo lolote. Sikuwa na kisingizio tena, si kwa mtaa, si kwako, si kwangu mwenyewe. Nilikaa nikiitazama ile kahawa ikipoa.

Sasa nakwambia ambalo nilikuwa sijamwambia mtu. Siku ile ya mkate nilifika mapema. Remigia alikuwa ameniomba viti vya ziada, nikavipeleka kupitia mlango wa uani. Kutoka kizani mwa varanda nilimwona jikoni, amenipa kisogo, ameuinua mkate kwa mkono mmoja, na kwa kidole gumba cha mkono mwingine anasukuma kitu kwa chini, kisha anapaziba kwa sukari ya kunata. Niliona ni upande gani. Nilirudi nyuma taratibu, nikaviacha viti uani, nikazunguka, nikakohoa kwa nguvu, nikaingia kwa mlango wa mbele. Saa nzima baadaye nikapewa kisu. Mkate ulikuwa na tini nne, dada. Ningeweza kukata yoyote.

"Nilikuona," nikamwambia.

"Uliniona wapi?"

"Jikoni. Ukiwa na kidole gumba chini ya mkate."

Aliuweka mkoba mezani.

"Na ukakata palepale?"

"Nikakata palepale."

Aliniita mzee mwongo. Akaniita na majina mengine mawili ambayo siwezi kukuandikia, ingawa mumeo Walter, Mungu amrehemu, angeyapenda. Akasema siku zote hizo amekuwa akikosa usingizi bure na kusali rozari za toba, na mimi nimekaa tu namtazama. Kisha akaivuta ile kahawa, akainywa ikiwa baridi, akasema imekosa sukari. Alipofika mlangoni aligeuka, akaniuliza kama nimeshamwambia dada yangu. Nikasema bado. Akasema, "Basi hujamaliza," akaenda zake.

Ndiyo sababu ya barua hii.

Nimeacha mtaa uamini kwamba nimenaswa, na nilikuwa karibu kukuacha na wewe uamini hivyo hivyo. Kunaswa ni rahisi. Mtu aliyenaswa hamkasirikii mtu na hakasirikiwi. Lakini mimi sikunaswa. Nilichagua, na nilichagua kubaki. Sirudi, Verna. Si Februari, wala si baadaye.

Si kwamba sikupendi. Nakupenda, na kuandika mstari huu kumenigharimu zaidi ya kuanguka kwenye ngazi. Wewe ndiye uliyenifunga kamba za viatu nilipokuwa sijui. Lakini nimevifikiria sana vile vyumba vya chini, na kila nikivifikiria naona kitanda alicholala Mama, halafu naona kitanda alicholala Walter, na wewe uko pembeni na sinia. Umeuguza watu wawili mpaka mwisho, ukawauguza vizuri, na naona umekwisha kumtandikia wa tatu. Mimi nikija huko ninakuja kufa kwa adabu. Huko nitaulizwa kila siku nimelalaje. Huku nikichelewa, mtu anakasirika. Sijui kulieleza vizuri zaidi ya hapo. Kwa miaka arobaini nilipima ngano za watu kwenye ghala pale relini, nikarudi nyumbani, na hakuna hata mmoja aliyewahi kunikemea kwamba nashika kitu vibaya.

Najua hesabu zake. Naweza kuanguka tena. Naweza nikaanguka asiwepo wa kusikia, nikalala sakafuni mpaka Eligio afunge bucha, na pengine hiyo ndiyo itakuwa zamu yangu ya mwisho. Nimelikubali hilo nikiwa na akili timamu. Naogopa, ndiyo. Nitaogopea hapa hapa.

Hapo ndipo nilipokukosea, na sitaki kupita pembeni yake. Binti yako Marnie alikuomba uhamie kwake mjini Regina kabla mimi sijakubali kurudi. Aliniambia mwenyewe. Ulimkatalia kwa sababu yangu, ukabaki na nyumba kubwa na ngazi zake na goti lako, ukanunua rangi. Neno langu la Novemba ndilo lililokushikilia hapo majira yote haya ya baridi. Nisamehe. Nyumba ukitaka kuiuza, iuze. Ukitaka kubaki, baki, lakini ibaki kuwa yako, isiwe yangu. Na ukienda kwa Marnie, usichukue sinia. Mwache mtoto wako akupikie, hata kama anaunguza.

Utakasirika. Una haki, na mimi najua hasira yako inavyokuwa, inasafisha jiko usiku kucha. Ikiisha, niandikie. Usinipigie, niandikie, ili na wewe umalize sentensi zako zote.

Remigia anakusalimu, na anasema goti lipashwe moto kwa kitambaa chenye chumvi, si hiyo mashine ya umeme. Eligio anakusalimu na anauliza kama huko kwenu kweli mnatoboa barafu ili mvue samaki, maana nilimwambia na ananiona mwongo. Nami nakuomba unifikishie salamu kwa Marnie na wanawe, kwa jirani wa theluji, na kwa kila mtu pale kanisani atakayeniulizia. Wape habari kwamba sirudi.

Kandelaria ya mwaka wa tatu wa ulezi wangu Mtoto anakalishwa kwenye kiti, na mlezi anaruhusiwa kualika ndugu. Nakualika. Nitakupikia tamale zisizo na pilipili, na meza ya kulia chakula ipo. Ila nakuomba jambo moja. Njoo kunitembelea, usije kunichukua.

Wako, mdogo wako akupendaye,
Lorne